Maisha ya Bwana Misitu Edward Pulaski

Edward Pulaski alizaliwa Ohio, Marekani. Aliacha shule angali kijana, akaenda magharibi kutafuta riziki. Alichimba madini, tena akawa mhunzi. Mwaka 1908, naye amekwisha pita miaka 40, aliajiriwa kuwa Bwana Misitu karibu na mji wa Wallace, Idaho.

Mwaka 1910 mvua zilikosa, na mioto ikaanza kuwaka milimani. Serikali iliandika kila aliyepatikana, wachimba madini, wageni kutoka Ulaya, watu wasio na kazi. Wengi wao hawakuwa wamepata kuzima moto wa msitu hata siku moja. Tarehe 20 Agosti ukavuma upepo mkali, mioto ikaungana. Kwa siku mbili ziliungua eka milioni 3 hivi, na wazima moto 78 wakafa.

Siku hiyo Pulaski alikuwa mlimani pamoja na watu 45 hivi, moto umewazunguka. Alikumbuka shimo la mgodi wa zamani, akawaongoza katika moshi mpaka humo, na farasi wawili. Akatundika mablanketi ya maji mlangoni. Watu walipotaka kukimbilia nje, alitoa bastola akasema atampiga atakayetoka. Labda wako watakaosema huo ni ukali. Mimi naona kama si bastola ile, wangaliteketea. Mwisho yeye mwenyewe alizimia. Alfajiri watano walikuwa wamekufa shimoni. Waliosalia wakatoka wakitambaa. Pulaski aliumia macho na mapafu.

Wasimulizi wengi huishia hapo, lakini yaliyofuata ndiyo yanayonifanya nimheshimu zaidi. Marehemu wale walikuwa vibarua, na wengine hata majina yao hayakujulikana sawasawa. Kwa kuwa Serikali haikuwatibu vibarua walioungua, mabwana misitu walichanga katika mishahara yao. Pulaski naye hakupewa fidia. Alijitibu kwa fedha zake. Hata hivyo aliyatunza makaburi ya wenzake kwa mikono yake, akaandika barua nyingi kwa wakubwa akiomba wajengewe ukumbusho. Ilipita miaka 10 na zaidi ndipo fedha zikatolewa. Mwaka 1923 aliandika habari za siku ile katika shindano la gazeti la misitu, akashinda dola 500, akazitumia kutibiwa jicho.

Uhunzi wake nao haukupotea. Alitengeneza chombo chenye shoka upande mmoja na tezo pana kama jembe upande wa pili, cha kukatia miti na kuchimbia udongo ili moto usipite. Hakikumtajirisha, lakini mpaka leo wazima moto wa misitu Marekani hukichukua kazini, nao hukiita pulaski.

Alikufa mwaka 1931, akamwacha mjane wake, Emma. Siku hizi mjini Boise, katika Idaho hiyo hiyo, kuna chama kinachowasaidia wajane na watoto wa wazima moto wa misitu waliokufa kazini.