Kabla uweke LED kwa indiketa, mjue Losev

Una ile Peugeot 504 ya mzee, au Corolla ya miaka ya tisini, na unataka indiketa za LED. Sawa. Lakini ukitoa balbu za kitambo na kuweka mpya, indiketa zinaanza kupepesa mbio mbio, na fundi wa Kondele anakuambia flasha imedanganyika. Hajakosea. Balbu ya kawaida hula wati 21. LED hula kidogo sana, basi flasha inadhani balbu moja imeungua. Weka flasha ya LED, au ufunge rezista sambamba na balbu (hiyo huchemka vibaya, iwe mbali na plastiki).

Mwanga huo usiochoma ulimshika akili kijana mmoja wa Urusi kabla babu yako azaliwe.

Oleg Losev alizaliwa Tver mwaka wa 1903. Alipenda redio kupita kiasi, akaingia maabara ya redio ya Nizhny Novgorod kwa mlango wa chini kabisa, kama tarishi. Digrii hana. Kufikia 1922, akiwa bado tineja, alikuwa amefanya kipande cha jiwe kikuze mawimbi ya redio.

Kisha akaona ajabu. Karborandamu, jiwe gumu linalotengenezewa diski za kunolea vyuma, likipitishiwa umeme linang'aa. Mwingereza Henry Round alikuwa ameiona nuru hiyo 1907, akaandika kidogo, akaenda zake. Losev alikaa nayo miaka. Alidondosha tone la benzini pale panapong'aa, nalo likakauka polepole tu. Kumbe si joto! Jaribio ambalo ungefanya jikoni, na ndilo ninalolipenda zaidi. Mwaka wa 1927 akaomba hataza ya kifaa alichokiita relei ya mwanga.

Shahada alikuja kupewa 1938, bila kutetea tasnifu. Baadaye alikuwa Leningrad, akifundisha fizikia kwa wanafunzi wa udaktari, vita vilipofika. Nafasi ya kuondoka alikuwa nayo. Akabaki na kazi yake. Septemba 1941 jeshi la Ujerumani likauzingira mji, chakula kikaisha, na Januari 1942 Losev akafa njaa. Alikuwa na miaka 38.

LED nyekundu ya Nick Holonyak ilitokea Marekani 1962. Leo LED ziko hadi kwa taa za wavuvi wa omena ziwani. Yako ikikataa kuwaka, igeuze kabla umrudishie muuzaji: umeme hupita upande mmoja tu, kama kwenye mawe ya Losev.