Kelly Johnson: Kijana wa Chuo Aliyewakosoa Mabosi

Clarence Johnson, ambaye dunia inamjua kama Kelly, alizaliwa mwaka 1910 Ishpeming, mji mdogo wa machimbo jimboni Michigan, Marekani. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Sweden, naye alikuwa mtoto wa saba kati ya tisa. Fedha hazikuwepo, akili ilikuwepo.

Akiwa Chuo Kikuu cha Michigan alifanya kazi kwenye handaki la upepo, mahali ambapo mfano mdogo wa ndege unapulizwa hewa ili kuona utatulia au la. Kampuni ya Lockheed ikaleta mfano wa ndege yake mpya, Electra. Wakubwa wakaupitisha. Kelly hakuridhika. Mwaka 1933 alipoajiriwa na Lockheed hiyohiyo, akawaambia mabosi wake wazi kwamba ndege yao haitatulia angani. Wangeweza kumtimua. Badala yake walimrudisha chuoni na ule mfano. Baada ya majaribio zaidi ya 70 akapata dawa: mikia miwili ya wima badala ya mmoja.

Miaka 30 baadaye ikawa zamu ya ndege yake mwenyewe. SR-71 iliruka mara ya kwanza Desemba 1964, na ilikwenda zaidi ya mara 3 ya kasi ya sauti. Sasa, injini haiwezi kumeza hewa inayokuja kwa kasi hiyo. Lazima ipunguzwe mwendo kwanza. Kila injini iliwekewa koni mdomoni, inayorudi nyuma hadi sentimita 66 kadiri kasi inavyopanda, ili wimbi la mshtuko likae mahali pake ndani. Likiteleza kidogo tu, linatapikwa nje. Injini ya upande huo inakosa pumzi, ya pili inaendelea kusukuma, na pua ya ndege inatupwa upande ghafla hadi kofia ngumu ya rubani inagonga kioo.

Tarehe 25 Januari 1966 hali hiyo ilitokea upande wa kulia wakati ndege ikikata kona, na ndege ikavunjika vipandevipande angani. Rubani Bill Weaver alipona. Mwenzake, Jim Zwayer, alifariki.

Wahandisi hawakuficha kasoro. Walifunga mfumo ambao upande mmoja ukitapika wimbi, wa pili nao unafanywa utapike makusudi, ili ndege isivutwe upande. Kisha koni zinasogezwa hadi hewa itulie. Miaka ya 1980 kompyuta zikachukua kazi hiyo, na tatizo likapungua sana. Kabla ya hapo, mwaka 1976, SR-71 ilikuwa imeweka rekodi ya kilomita 3,529 kwa saa.

Kelly alifariki Desemba 1990, akiwa na miaka 80. Sisi tunaoogopa kumwambia mhadhiri kwamba hesabu ubaoni haijakaa sawa, tumkumbuke. Na siku tukiwa mabosi, tuwakumbuke pia wale waliomsikiliza.