Mtawa Aliyepigana na Mapovu

Kwetu Kibiti, tembo la mnazi likizibwa kwenye chupa, kizibo huruka. Wanywaji hulinganisha: mnazi mmoja, mgema mmoja, chupa mbili, ladha mbili. Ndipo nilipomwelewa Dom Pérignon. Mwaka 1668 alikabidhiwa stoo ya mvinyo ya watawa wa Hautvillers, Ufaransa, akaitunza mpaka alipofariki 1715. Watu husema ndiye aliyebuni shampeni. Wapi! Mapovu yalikuwa yakipasua chupa, naye akayapiga vita. Sifa yake hasa ni kuchanganya zabibu za mashamba mbalimbali ili ladha ilingane. Leo jina lake linauza mapovu yaleyale, kwa bei isiyoshikika. Ndugu zangu, tuonje kwanza, ndipo tumsifu mgema.