Raymond Dart: mwalimu wa tiba na mizani ya kazi yake

Kaskazini ya Joubert Park, bustani kongwe ya umma katikati ya jiji la Johannesburg, kuna kilima ambako hospitali kuu ya zamani ya jiji hilo ilijengwa. Hapo ndipo Chuo Kikuu cha Witwatersrand kilipoanzishia kitivo chake cha tiba, na huko ndiko Raymond Dart alikofundisha madaktari kuanzia mwaka 1923 hadi 1958.

Dunia inamkumbuka kwa fuvu la mtoto wa Taung. Kisichosemwa sana ni kwamba habari ya fuvu hilo ilianzia darasani.

Dart alizaliwa Brisbane, Australia, Februari 1893. Alisomea udaktari Sydney, akatumikia kikosi cha tiba katika Vita Kuu ya Kwanza, kisha akafundisha London chini ya Grafton Elliot Smith, bingwa wa elimu ya ubongo. Alipowasili Johannesburg kuwa profesa wa anatomia, hakuwa ametimiza miaka 30. Alikuta idara changa, isiyo na maktaba wala makumbusho ya kufundishia.

Mwalimu mwingine angesubiri fedha. Dart aliwahimiza wanafunzi wake watafute mifupa na visukuku wakati wa likizo, akaahidi zawadi kwa atakayeleta kilicho bora. Mwaka 1924 mwanafunzi wake Josephine Salmons alimletea fuvu la kale la nyani lililotoka katika machimbo ya chokaa ya Taung. Dart akaomba mawe zaidi. Katika masanduku aliyopelekewa mwishoni mwa mwaka huo mlikuwa na fuvu la mtoto, ambalo alilichokoa kutoka kwenye jiwe akitumia hata sindano za kufumia.

Tarehe 7 Februari 1925 jarida la Nature lilichapisha makala yake. Kiumbe huyo alimpa jina Australopithecus africanus, akidai kwamba chimbuko la binadamu ni Afrika. Wakubwa wa taaluma mjini London walimpinga kwa zaidi ya miaka 20. Baadhi yao waliliamini zaidi fuvu la Piltdown la Uingereza, ambalo mwaka 1953 lilithibitishwa kuwa la kughushi.

Mwaka huo huo wa 1925 Dart alikabidhiwa ukuu wa kitivo cha tiba, akakiongoza hadi mwaka 1943.

Mizani ya mwalimu

Siku hizi walimu wa vyuo vya tiba hupimwa kwa vigezo vilivyoandikwa. Shirikisho la Dunia la Elimu ya Tiba lilitoa vigezo vyake vya kimataifa mwaka 2003, na sifa za walimu ni sehemu yake. Huulizwa kama mwalimu hupanga somo vyema, hutahini kwa haki, na huwa kielelezo cha maadili.

Dart angepata alama gani? Mihadhara yake ilikuwa kama mchezo wa kuigiza, kwani aliweza kutumia mwili wake mwenyewe kuonyesha jinsi wanyama wanavyotembea. Mzao wake pia unaonekana. Mwanafunzi wake Phillip Tobias alirithi kiti chake mwaka 1959, mwaka ule ule Mary Leakey alipogundua fuvu maarufu la Olduvai, Tanganyika. Tobias ndiye aliyepewa kazi ya kulichunguza. Mwaka 1964 yeye, Louis Leakey na John Napier walipotangaza Homo habilis kutokana na mabaki ya Olduvai, jina hilo lilipendekezwa na Dart.

Lakini mizani ina vitanga viwili. Nadharia yake kwamba viumbe hao wa kale walikuwa wauaji waliotumia mifupa, meno na pembe kama silaha haikusimama. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kuwa mifupa mingi ilikuwa masalia ya mawindo ya chui na fisi.

Zito zaidi ni suala la utu. Mkusanyo wa mifupa ya binadamu unaobeba jina lake una mabaki ya watu zaidi ya 2,500. Wengi wao walikuwa maskini, hasa Waafrika, ambao miili yao haikudaiwa na jamaa. Na wanafunzi weusi walipoanza kupokelewa kitivoni katika miaka ya 1940, hawakuruhusiwa kupasua maiti za Wazungu wala kuwahudumia wagonjwa wa Kizungu. Mwili wa Mwafrika ulifaa kumfundisha kila mtu. Mwili wa Mzungu ulifundisha Wazungu peke yao.

Utaratibu huo haukuwa wa mtu mmoja. Ulikuwa wa chuo na wa nchi nzima. Hata hivyo, unawahusu wote wanaotahini walimu wa tiba leo, kuanzia Muhimbili hadi Makerere. Fomu ya tathmini hujazwa na wanafunzi waliomo darasani. Haina nafasi ya aliyezuiwa mlangoni, wala ya aliyelazwa juu ya meza bila kuulizwa ridhaa yake.

Raymond Dart alifariki dunia Johannesburg Novemba 1988, akiwa na umri wa miaka 95. Aliishi muda wa kutosha kuona ulimwengu ukikubali kwamba alisema kweli kuhusu Afrika. Hukumu juu ya namna chuo chake kilivyowatendea Waafrika, walio hai na wafu, ilikuja baada yake.