Sibawayhi, Muajemi aliyeipanga nahau ya Kiarabu

Mwanafunzi wangu mmoja wa darsa la jioni, mtu mzima mwenye duka lake, ameacha kuja. Alisoma mbele ya wenzake, akakosea irabu moja, wakacheka. Nilipomfuata dukani akaniambia kuwa Kiarabu ni cha Waarabu, sisi wengine tunajisumbua bure. Nikaketi juu ya gunia la mchele nikamsimulia habari za Sibawayhi.

Jina lake hasa ni Amr bin Uthman, na alikuwa Muajemi wa upande wa Shiraz. Alikwenda Basra, Iraq, katika karne ya 2 Hijria akiwa kijana, kutafuta elimu ya Hadithi na Fiqhi, si lugha. Inasimuliwa kuwa siku moja, akiandika Hadithi mbele ya Sheikh Hammad bin Salama, alilitamka jina la swahaba Abud-Dardaa kwa Abuu mahali panapotakiwa Abaa. Sheikh akamkosoa hadharani. Kijana akaazimia kusoma elimu ambayo hatakosolewa tena ndani yake, akahamia kwa Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, bingwa mwenye asili ya Oman, yule aliyeweka mizani za mashairi ya Kiarabu na kuasisi kamusi yake ya kwanza.

Aliandika kitabu kimoja tu. Hakukipa jina wala utangulizi, watu wakakiita Al-Kitab, yaani Kitabu, basi. Humo mna aya za Qur'an, beti za washairi wa kale, maneno ya Mabedui, na rai za Al-Khalil zikitajwa kwa jina lake mara nyingi. (Wanaonakili vitini vya wenzao bila kuwataja wamsome huyu.)

Kisha akaenda Baghdad, mbele ya waziri Yahya al-Barmaki, kujadiliana na Al-Kisai wa Kufa, mwalimu wa watoto wa Khalifa. Swali lilihusu sentensi moja ya nge na nyigu: kiwakilishi cha mwisho kiwe hiya au iyyaha? Sibawayhi alishikilia hiya. Wakaitwa Mabedui waliokuwa mlangoni watoe ushahidi, wakampa ushindi Al-Kisai. Wapo wanaosema walihongwa, au waliogopa cheo chake. Wanazuoni wengi wa nahau waliokuja baadaye wamemuunga mkono Sibawayhi, lakini yeye hakuwahi kulisikia hilo. Aliondoka na huzuni kurudi Uajemi, akafariki akiwa bado kijana, wengi wanataja mwaka 180 Hijria (796). Mwenyezi Mungu amrehemu.

Hapo mwenye duka akanikatiza: kumbe naye alikimbia. Nikakiri kuwa alikimbia. Ila kitabu kilibaki mikononi mwa Al-Akhfash, mwanafunzi wake, naye akakisomesha, na inasimuliwa kuwa Al-Kisai mwenyewe alikisoma kwake kwa siri.

Akacheka, akaendelea kupima sukari. Jioni ile hakuja darasani. Jumamosi nitapita tena.