Bibi Katharina von Bora na Jasho Lake

Katika kuhesabu kazi, wengi wetu huhesabu ile ilipwayo mshahara tu. Kazi ya mama wa nyumbani, ijapokuwa ndiyo imlishayo mfanyakazi mwenyewe, huachwa nje ya hesabu. Kwa sababu hiyo yafaa ndugu wasomaji wazifahamu habari za Bibi Katharina von Bora wa Ujerumani, ambaye wengi humjua kwa jina la mumewe tu, Martin Luther, ambaye madhehebu yake yana waumini wengi hata Tanzania.

Alizaliwa mwaka 1499 katika Saxony, katika ukoo wa makabaila waliofilisika. Mama yake alikufa mapema, na baba alipooa tena, mtoto huyu wa miaka kama mitano alipelekwa kulelewa na watawa. Mwaka 1515 akaweka nadhiri katika nyumba ya watawa ya Nimbschen, akiwa na umri wa miaka 16. Twaweza kusema kwamba umaskini wa baba ndio uliomchagulia utawa.

Mafundisho ya Luther yalipopenya kuta za Nimbschen, masista kadhaa walitaka kutoka. Usiku wa Pasaka wa mwaka 1523 walitoroka kwa gari la Leonhard Koppe, mfanyabiashara wa mji wa Torgau aliyekuwa akiwapelekea watawa vyakula. Husimuliwa kuwa walijificha ndani ya mapipa ya samaki. Yaelekea walikaa katikati ya mapipa tu. Lakini hatari haikuwa masihara, kwa kuwa kumtorosha mtawa kuliweza kumpatia mtu adhabu ya kifo. Tisa kati yao walifika Wittenberg bila mali wala kazi. Wenzake wakaolewa au wakapata makao; Katharina alimkataa mzee mmoja aliyechaguliwa kuwa mumewe, akasema wazi ni nani angemkubali. Tarehe 13 Juni, 1525, akaolewa na Luther.

Makao yao yalikuwa monasteri ya zamani, kubwa na chakavu. Luther alikuwa mwanachuoni hodari, lakini fedha hazikukaa mkononi mwake, alizigawa. Basi mzigo wote ulimwangukia mkewe. Aliamka saa kumi za usiku. Alilima bustani, akafuga ng'ombe na nguruwe, akatunza mabwawa ya samaki, akapika bia, akapangisha vyumba kwa wanafunzi waliolipia chakula na malazi. Mwaka 1540 walipata shamba la Zülsdorf, naye ndiye aliyelisimamia. Meza ile mashuhuri ambayo wanafunzi waliizunguka wakiandika kila neno la bwana mkubwa, ilijaa chakula kwa jasho la mama huyu.

Alizaa watoto sita, akazika wawili. Akawalea pia watoto yatima wa ukoo wa mumewe, na shangazi yake mwenyewe, aliyekuwa mtawa Nimbschen, akapata makao kwake. Tauni ilipoingia Wittenberg mwaka 1527, chuo kikuu kilihamishiwa Jena. Nyumba ya Luther ikageuka hospitali, na Bibi Katharina, hali ana mimba, akawauguza wagonjwa.

Mwaka 1542 Luther aliandika wosia akimfanya mkewe mrithi wake na mlezi wa watoto. Alipofariki mwaka 1546 ndipo dhuluma ilipojitokeza. Sheria ya Saxony ilitaka mjane awekewe wasimamizi wanaume, hata mjane huyu aliyeendesha mashamba kwa miaka ishirini! Mtawala aliukubali wosia, lakini wasimamizi waliwekwa hata hivyo. Chansela Gregor Brück alipinga asinunue shamba jingine, yeye akalinunua.

Mwaka huo huo vita vilizuka. Alikimbia na watoto, na aliporejea akakuta mashamba yameharibiwa na mifugo imekwisha. Akakopa, akaanza upya, akapangisha vyumba tena. Mwaka 1552 tauni ilirudi, naye akaondoka kwenda Torgau. Njiani farasi walishtuka; akaanguka kutoka garini, akaumia vibaya. Alifariki tarehe 20 Desemba, 1552, akazikwa katika kanisa la Mtakatifu Maria mjini humo. Ile nyumba ya Wittenberg warithi wake waliiuzia chuo kikuu mwaka 1564.