Sanduku la Dawa la Daktari Livingstone

Ndugu msomaji, usishangae nikimleta David Livingstone katika gazeti letu la Chama cha Kiswahili. Kwale yetu hakufika. Tena wengi tumemkariri katika somo la historia: mito, maziwa, biashara ya watumwa, basi. Mimi nilikutana naye kwa njia nyingine, kwa sababu ya kopo la dawa la mamangu.

Mwaka jana wakati wa masika niliugua malaria nyumbani, Gazi. Nilipewa zile tembe 24 za dawa mseto: nne asubuhi, nne jioni, siku tatu. Siku ya pili ilipoisha nilijiona mzima, hata mpira nikacheza. Nane zilizobaki nikazitia koponi. Wiki chache baadaye mdogo wangu wa miaka mitano akachemka mwili usiku. Nikampa mbili kwa siri, akazitapika papo hapo, nami nikanyamaza. Kulipokucha alikuwa amelegea kama kitambaa. Tulimkimbiza Msambweni, na muuguzi alipouliza amepewa nini, ikabidi niseme mbele ya mama. Alipimwa damu, akatibiwa, akapona, alhamdulillahi. Hapo ndipo nilipojua kuwa dawa ya malaria ikitapikwa kabla ya nusu saa hurudiwa, na kwamba mtu akikatiza dozi vijidudu vilivyobaki damuni huweza kumrudia. Nikaingia maktabani kutafuta zaidi, nikamkuta huyu Mzee.

Livingstone alizaliwa Blantyre, Scotland, tarehe 19 Machi 1813. Akiwa na miaka 10 tayari alifanya kazi kiwandani, pamba mchana, vitabu usiku. Alipata cheti cha udaktari Glasgow mwaka 1840, na 1841 akaja Afrika. Enzi hizo homa iliwamaliza wageni, nao walidhani yatoka kwa hewa mbaya ya vinamasi. Habari ya mbu ilithibitishwa 1897, yeye keshakufa zamani.

Dawa alikuwa nayo: kwinini, iliyotolewa katika gome la mti tangu 1820. Alitengeneza tembe zake mwenyewe, akachanganya kwinini, mizizi miwili ya kuendesha tumbo na kalomeli. Alimpa mgonjwa kwinini mpaka masikio yavume, akajua imeingia. Kwinini ilifanya kazi kweli. Kalomeli, kumbe, ni zebaki, sumu, na daktari mwenyewe akiimeza kwa imani!

Kilichonigusa ni kifo cha mkewe Mary, huko Shupanga kando ya mto Zambezi, tarehe 27 Aprili 1862. Mume ni daktari, kwinini ipo, lakini mama wa watu alitapika mfululizo na dawa haikukaa tumboni. Niliposoma hapo nilikifunga kitabu kwanza.

Januari 1867, katika safari yake ya mwisho, watu wawili walimtoroka na mizigo, sanduku la dawa likiwemo. Aliona kama amehukumiwa kufa. Hata hivyo aliendelea kutembea, homa juu ya homa, mapafu yakimsumbua, hadi akafika Ujiji 1869. Stanley alipomkuta hapo mwaka 1871 alimletea mahitaji, akapata nguvu kidogo. Lakini tumbo lilikuwa likitoa damu, na kwa hilo kwinini haisaidii kitu.

Usiku wa mwisho, mwanzoni mwa Mei 1873, kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, alimwomba Susi amletee sanduku la dawa. Macho yalikuwa yamefifia. Susi akamshikia mshumaa karibu, naye mgonjwa akazichambua chupa kwa taabu mpaka akaipata aliyoitaka. Ilikuwa kalomeli. Alfajiri walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekufa. Susi, Chuma na wenzao waliuchukua mwili wake hadi Bagamoyo, ukavuka bahari, ukazikwa London tarehe 18 Aprili 1874.

Lile kopo letu mama amelifanya la chumvi.